Kanuni za Urushaji wa Maonyesho katika Mashindano ya Droni ya Wanafunzi: Mwongozo Kamili

Sehemu ya kurusha mbele ya waamuzi ndiyo inayojaza watu uwanjani, na ndiyo inayozaa ugomvi mwingi. Timu inadai imetua ndani ya duara, mwamuzi anasema nje. Rubani anadai alisimamishwa kabla muda haujaisha. Chanzo huwa karibu kila mara kilekile: kanuni ziliandikwa kwa maneno kama "urushaji salama", "kimo cha wastani" na "muda wa kutosha". Mwongozo huu ni wa mwalimu au mwandaaji anayekaa kuandika kanuni kuanzia karatasi tupu. Karibu kila kinachopendekezwa hapa kinapimika kwa futi kamba, mizani, stopwochi au kipima volti. Kisichopimika kwa kimojawapo cha hivyo, kiache nje ya karatasi ya alama.

1. Kibali kwanza, uwanja baadaye

Kabla ya kuchapa tangazo, wasiliana na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika. Uliza mambo manne: je, eneo lipo karibu na kiwanja cha ndege au eneo lililokatazwa, droni za uzito gani zinatakiwa kusajiliwa, kikomo cha kimo ni kipi, na umri wa rubani unatakiwa kuwa miaka mingapi. Marekani kikomo cha kawaida ni futi 400, Umoja wa Ulaya mita 120, na gramu 250 ni mmojawapo wa mipaka inayotumika kuamua usajili. Usinakili takwimu za nchi nyingine ukadhani zinakuhusu. Kanuni za mashindano zinaweza kuwa kali kuliko sheria ya nchi, haziwezi kuwa legevu kuliko hiyo.

Kwa wanafunzi walio chini ya umri wa utu uzima, idhini ya mzazi au mlezi iwe imesainiwa na kukusanywa kabla ya siku yenyewe. Asubuhi ya mashindano hakuna mtu mwenye muda wa kutafuta kalamu.

2. Pima uwanja kwa jinsi droni inavyoanguka

Waandaaji wengi huchora eneo la kurukia kwanza, kisha wanawapa watazamaji nafasi iliyobaki. Geuza utaratibu huo. Anza na swali hili: droni ikizima mota zote ikiwa kwenye kimo cha juu kabisa na kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa, itafika wapi?

Hesabu yake ni fupi. Kitu kinachoanguka kutoka mita 20 hufika chini kwa takribani sekunde 2. Kama kilikuwa kinakwenda mita 8 kwa sekunde, kitasogea mbele kama mita 16 kabla ya kugusa ardhi. Ongeza muda wa rubani kushtuka na kubonyeza swichi, tuseme sekunde 1.5, ambao kwa kasi hiyo ni mita 12 nyingine. Jumla ni mita 28, basi ukanda wa usalama uwe mita 30. Ukishusha kikomo cha kimo hadi mita 10 na kasi hadi mita 5 kwa sekunde, hesabu hiyohiyo inakupa chini kidogo ya mita 15. Hesabu hii haikuhesabu upepo wa kuelekea kwa watazamaji, kwa hiyo ukizungusha namba, zungusha kwenda juu.

Usidharau droni ndogo. Yenye kilo 1.5 ikianguka kutoka mita 20 inaweza kufika chini kwa mwendo unaokaribia kilomita 70 kwa saa, na propela zake huenda bado zinazunguka.

Chukua uwanja wa mpira wenye mita 105 kwa 68. Ukiwaweka watazamaji pande zote nne na ukanda wa mita 30 kila upande, eneo la kurukia linabaki ukanda mwembamba wa mita 8, usiofaa kitu. Ukiwaweka wote upande mmoja mrefu na kuzifunga pande tatu zilizobaki hata nje ya uwanja, unapata upana wa mita 38. Ndiyo maana kanuni ya "watazamaji upande mmoja tu" inastahili kuandikwa kwa herufi kubwa. Jua nalo lizingatiwe: rubani na watazamaji waupe jua mgongo, kwa sababu droni ikipita mbele ya jua rubani anapoteza mwelekeo wake.

Ndani ya ukumbi ukanda wa usalama haupatikani, hivyo nyavu hazina mbadala. Zining'inie kutoka darini hadi sakafuni na zilaliane sakafuni kiasi cha nusu mita, maana droni iliyoanguka hupenda kupita chini ya wavu. Watu wakae angalau mita moja nyuma yake: wavu hunyumbuka.

Jambo moja dogo linaharibu maonyesho mengi: mahali pa kurukia pakiwa juu ya zege lenye nondo, dira ya droni inadanganyika. Droni itapaa vizuri kisha itaanza kuzunguka kwa duara linalozidi kupanuka badala ya kuelea mahali pamoja. Weka mkeka wa kurukia kwenye udongo au nyasi, mbali na magari, jenereta na spika kubwa.

3. Gawa kazi kabla ya kugawa alama

Kila zamu ya kurusha iwe na watu hawa, kila mmoja na kazi moja:

- Msimamizi wa uwanja. Yeye pekee ndiye anayefungua na kufunga uwanja, na neno lake la kusimamisha halijadiliwi.
- Waamuzi wawili, wasiosimama pamoja (sababu inakuja hapa chini).
- Mtunza muda, ambaye haangalii droni bali saa.
- Rubani, na mwangalizi wake kutoka timu hiyohiyo. Rubani akivaa miwani ya video (inayomwonesha picha ya kamera ya droni), mwangalizi ni lazima, na kazi yake ni kuiona droni kwa macho yake mwenyewe muda wote.
- Mtu wa betri na moto, mwenye ndoo mbili za mchanga mkavu na glavu nene.

Mwalimu wa timu abaki nyuma ya uzio. Mwalimu anayepiga kelele za maelekezo wakati droni iko angani humchanganya rubani kuliko upepo. Kanuni iseme wazi: maelekezo kutoka nje ya uzio, onyo la kwanza, ya pili, alama 5 zinakatwa.

4. Ukaguzi wa kiufundi

Ukaguzi ufanyike mezani, propela zikiwa zimetolewa, na timu isipopita irudi kwenye foleni mwisho. Mpe kila mkaguzi karatasi moja yenye mpangilio huu.

Pima uzito droni ikiwa na betri na mzigo wake. Weka kikomo kimoja, mfano kilo 2, na usiruhusu "imezidi kidogo tu".

Kagua propela moja moja. Ipinde taratibu kwa vidole ukitazama shinani, maana ufa huanzia pale, mara nyingi mwembamba kama unywele na hauonekani mpaka propela ijikunje. Yenye ufa au ncha iliyomegeka haijadiliwi, inatupwa. Propela isiyo na uwiano hutikisa fremu, mtikisiko unavuruga vitambuzi, na droni inaanza kupanda na kushuka yenyewe.

Shika betri na uitikise droni kichwa chini. Betri ikisogea, mkanda haujakaza. Kisha vuta waya za betri kwa nguvu ya kawaida. Tazama kama kuna waya unaoweza kufikiwa na propela.

Unganisha betri, amsha mota bila propela na uangalie mzunguko. Kwa droni ya mota nne, mota zilizo pembe kwa pembe huzunguka upande mmoja, na jirani zake upande wa pili. Mota moja ikigeuka kinyume, au propela ikifungwa mahali pasipo pake, droni itapinduka kwenye mkeka sekunde ileile ya kuruka. Hii ni ajali ya kawaida kwa timu zilizobadilisha propela kwa haraka.

Sasa jaribio ambalo halirukwi hata foleni ikiwa ndefu: mawasiliano yakikatika. Propela zikiwa zimetolewa, timu iamshe mota, ipandishe stiki ya nguvu kidogo, kisha mkaguzi mwenyewe azime rimoti. Droni isiyo na GPS inatakiwa kuzima mota ndani ya sekunde 2. Kuna vipokezi ambavyo, visipopangwa, huendelea kushikilia amri ya mwisho vilivyopokea. Maana yake droni inayopanda itaendelea kupanda.

Kwa droni yenye GPS, angalia kwenye programu imepangiwa kufanya nini. Nyingi zimepangwa kurudi nyumbani, na kabla ya kurudi hupanda kwanza hadi kimo kilichowekwa, ambacho mara nyingi kiko juu ya kikomo chako cha mita 20. Ndani ya ukumbi, kupanda huko kunaishia kwenye paa. Isitoshe, kwa droni nyingi "nyumbani" ni pale droni iliponasa setilaiti, na kama timu iliiwashia kwenye hema lao, nyumbani ni hemani, katikati ya watu. Kanuni bora kwa wanafunzi ni kupanga droni itue hapohapo ilipo. Ikishindikana, kimo cha kurudi kiwekwe chini ya kikomo, na nukta ya nyumbani ithibitishwe ikiwa juu ya mkeka.

Mwisho, swichi ya kuzima mota. Kila rimoti iwe na swichi moja inayozima mota papo hapo, na rubani aioneshe akiwa ameangalia pembeni. Asiyeipata bila kutazama hajawa tayari.

5. Betri

Seli moja ya LiPo (betri ya lithiamu-polima inayotumiwa na droni nyingi) ina volti 3.7 za kawaida na volti 4.2 ikijaa. Betri ya seli nne ikijaa husoma 16.8. Kanuni za namba ziwe tatu: hakuna kuruka kama seli yoyote iko chini ya volti 4.0, tahadhari ya rimoti iwekwe volti 3.5 kwa seli. Na ikilia, rubani anatua hata kama muda umebaki. Pima seli moja moja. Jumla inaweza kuonekana nzuri huku seli moja imelegea, na ndiyo itakayoiangusha droni katikati ya kuchora namba nane angani.

Kuchaji kufanyike sehemu moja, juu ya sakafu isiyoshika moto, kila betri ndani ya mfuko wake usioungua, mtu akiwapo muda wote. Chaji kwa mkondo usiozidi ujazo wake: betri ya mAh 1500 ichajiwe kwa ampea 1.5. Iliyovimba haichajiwi wala hairushwi.

Baada ya droni kuanguka, hata ikionekana nzima, betri inachomolewa na kuwekwa kwenye ndoo ya mchanga nje kwa angalau dakika 20. Seli iliyopondeka ndani inaweza kukaa kimya kwa muda kisha ikashika moto.

6. Masafa ya redio

Kwa droni zenye video ya analogi ya 5.8 GHz, tatizo kubwa halitoki angani bali kwenye meza za matayarisho. Timu inayowasha droni yake kujaribu kamera inaweza kufuta picha ya rubani aliye hewani, naye anabaki haoni kitu akiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo: betri haiunganishwi nje ya uzio, ila mezani kwa mkaguzi, tena kwa ruhusa ya msimamizi wakati hakuna anayeruka. Nguvu ya kisambaza video isizidi miliwati 25.

Wakiruka wanne kwa pamoja, wape chaneli zilizoachana. Kwenye bendi ya Raceband unaweza kutumia R1 (5658), R3 (5732), R6 (5843) na R8 (5917), zote kwa megahezi, mradi ziwe zinaruhusiwa nchini. Bandika chaneli ya kila timu kwenye rimoti yake kwa karatasi ya rangi, na uwaombe watazamaji walio karibu na uzio wazime mtandao wa kugawa intaneti kwenye simu zao, kwani rimoti nyingi hutumia 2.4 GHz.

7. Mtiririko wa zamu na maneno ya amri

Mgawo unaofanya kazi ni dakika 3 za kujiandaa ndani ya uzio, dakika 5 za kuruka na dakika 2 za kuondoka. Saa ya kuruka ianze pale droni inapoachana na mkeka, si pale rubani anaposema yuko tayari. Timu ambayo haijaruka dakika 3 zikiisha inaanza kulipa kwenye zile 5.

Amri ziwe chache, na rubani azirudie kwa sauti:

1. "Betri." Timu inaunganisha betri, kisha wote isipokuwa rubani na mwangalizi wanaondoka.
2. "Uwanja umefungwa." Msimamizi amehakikisha hakuna mtu ndani.
3. "Ruka."
4. "Tua." Rubani anaacha anachofanya na kutua mahali salama palipo karibu.
5. "Zima." Rubani anabonyeza swichi ya kuzima mota, droni ianguke.
6. "Uwanja wazi." Betri imechomolewa, watu wanaweza kuingia.

Amri ya nne na ya tano ndizo za kufundishia waamuzi mpaka zikae. Mtu akiona hatari hupayuka neno lolote, na "zima" ikitamkwa wakati droni iko mita 15 juu ya njia ya watu, amri yenyewe ndiyo inayoleta ajali. "Zima" ni kwa hali mbili tu: droni iko chini ya mita 2, au inaelekea kwa watu na bado iko ndani ya ukanda wa usalama. Mengine yote ni "tua". Fanyeni mazoezi ya maneno haya asubuhi, droni ya mfano ikiwa imeshikwa mkononi bila propela na mtu anayetembea nayo uwanjani.

Upepo upimwe kabla ya kila zamu, kwa kimo cha mita 2, kwa dakika 2. Wastani ukizidi mita 6 kwa sekunde au dharuba moja ikifika mita 9, zamu inasogezwa bila timu kupoteza chochote. Kumbuka upepo wa mita 20 juu huwa na nguvu kuliko unaousoma mkononi.

8. Majaribio na alama

Mpangilio wa alama 100 ulio rahisi kusimamia ni huu: kuruka na kuelea alama 25, mraba 20, namba nane 25, kutua 30.

*Kuelea.* Kipenyo cha mita 2, kimo kati ya mita 1.5 na 2.5, sekunde 15. Simika nguzo mbili zenye utepe kwenye vimo hivyo viwili. Waamuzi wasimame wakiwa wameachana kwa pembe ya nyuzi 90, mmoja mbele na mwingine ubavuni, kwa sababu anayeangalia kutoka mbele hawezi kujua kama droni imesogea mbele au nyuma. Kila kutoka nje ya eneo kunakata alama 3, na mwamuzi mmoja akiona kutoka, kumehesabiwa.

*Mraba.* Koni nne, mita 8 kila upande, droni isimame sekunde 2 juu ya kila koni. Pua itazame mbele ya rubani muda wote.

*Namba nane.* Nguzo mbili za mita 2 zilizoachana mita 10, mizunguko miwili, pua ikifuata njia. Hapa ndipo rubani wachanga wanapopotea: droni ikimwelekea rubani, kulia kunakuwa kushoto. Ruhusu kila timu ibandike utepe wa rangi kali kwenye mikono ya nyuma ya droni. Kugusa nguzo kunakata alama 5, kuiacha nguzo bila kuizunguka kunafuta mzunguko.

*Kutua.* Chora duara tatu zenye nusu kipenyo cha sentimita 25, 50 na 100, zenye alama 30, 20 na 10. Kinachopimwa ni kitovu cha fremu pale droni ilipotulia, propela zikiwa zimesimama. Baadhi ya kanuni hupima ilipogusa mara ya kwanza. Achana nazo: hakuna futi kamba inayopima kitu kilichokwisha kuondoka.

Wanaopoteza alama za kutua hupoteza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kushuka wima kwa haraka ili kuokoa muda. Droni inazama ndani ya hewa iliyoichafua yenyewe, inayumba, na kuongeza nguvu hakusaidii. Dawa ni kusogea kidogo pembeni ili ipate hewa safi, na kushuka kwa mita 1 kwa sekunde au chini ya hapo. Ya pili hutokea sentimita chache kutoka ardhini: hewa inayosukumwa chini inarudi na kuibeba, droni inateleza na kukataa kukaa. Rubani anayesitasita pale atapelekwa pembeni. Ashushe stiki kwa uthabiti na kuzima mara inapogusa.

Kwa kundi la droni zinazojiendesha kwa programu, ongeza kanuni moja: rubani ashike rimoti muda wote, na akichukua uendeshaji, alama za jaribio lile zinaishia hapo bila adhabu nyingine. Ukiweka adhabu ya ziada, wanafunzi watachelewa kuingilia kati wakiombea programu ijirekebishe. Wale wanaotumia kamera ya chini kushikilia mahali waelezwe mapema aina ya sakafu, maana sakafu yenye rangi moja na inayong'aa haina alama za kamera kufuata.

9. Hitilafu, kurudia na rufaa

Droni ikiharibika kabla ya kuachana na mkeka, timu inarudi mwisho wa foleni mara moja tu. Ikiharibika angani, alama zilizopatikana zinabaki na zamu imeisha. Kurudia zamu nzima kunaruhusiwa pale tu kosa likiwa la waandaaji: chaneli iliyogongana, mtu kuingia uwanjani, saa kusimama.

Makosa yanayoiondoa timu moja kwa moja yawe matatu, yasiongezwe: kuvuka mstari wa watazamaji, kutotii "tua" au "zima", na kuunganisha betri nje ya uzio mara ya pili.

Rufaa iandikwe na nahodha, mwanafunzi mwenyewe, ndani ya dakika 10 baada ya alama kubandikwa. Video inayokubalika ni ya kamera moja ya waandaaji iliyofungwa mahali pamoja, kwani picha za simu kutoka pembeni huonesha droni ndani au nje ya duara kutegemea aliyepiga alisimama wapi. Timu zikilingana, mshindi ni mwenye alama nyingi za kutua. Zikilingana tena, mwenye muda mfupi wa namba nane.

10. Kufunga siku

Kabla timu haijaondoka, mtu wa betri apite meza kwa meza na kipima volti. Betri zirudishwe hadi volti 3.8 kwa seli ndipo zisafirishwe. Iliyojaa ikipondwa kwenye mizigo ina nishati nyingi zaidi ya kuwasha moto, na iliyoachwa tupu huharibika ikikaa. Zilizovimba au kuanguka siku hiyo zisipande basi la wanafunzi. Zibaki nje ndani ya mchanga, na waandaaji wapange namna ya kuzitupa salama.